Mwanao Kaitwa Chuo cha Udaktari Karibiani? Uliza Kwanza Wangapi Wanamaliza

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu mama mmoja wa Kisauni na bahasha mkononi. Mwanawe alipata B+ kwenye KCSE, udaktari hapa Kenya ukampita kwa pointi chache tu, halafu ejenti akawaletea nafasi kwenye chuo cha udaktari kisiwani Karibiani, sasa familia inataka kuuza shamba la Kikambala walipe dipoziti ndani ya siku kumi. Akaniuliza, "Daktari, hiki chuo ni cha kweli ama twaibiwa?"

Nikamwambia, mamangu, vyuo vingi vya kule ni vya kweli. St. George's ya Grenada iko tangu 1976 na madaktari wake wako kibao hospitali za Marekani. University of the West Indies nayo ilianza Jamaica 1948, lakini hiyo ni ya umma, ya nchi za kule wenyewe, usiichanganye na hizi ninazoongelea. Hizi ni za binafsi, zimejengwa kumpeleka mwanafunzi Marekani: miaka miwili ya vitabu kisiwani, miwili ya kuzunguka wodi hospitalini, mara nyingi huko huko Marekani, na katikati yake mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, USMLE.

Sasa kwenye brosha kulikuwa na asilimia 95 kwa maandishi makubwa, ati hao ndio wanaopasi Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE, kwa jaribio la kwanza. Asilimia 95 ya kina nani? Manake vyuo vingi havikuruhusu kukalia Step 1 mpaka upasi kwanza mtihani wa ndani, na aliyerudia semesta mara mbili akachoka akarudi kwao, ama akaambiwa aondoke, huyo hayumo kwenye hesabu kabisa. Tuchukulie wameingia mia, wakaruhusiwa sitini, wakapasi hamsini na saba: hiyo ni 95 na brosha haijasema uongo. Lakini wale arubaini ni watoto wa watu, wamerudi nyumbani bila digrii na karo imeshalipwa, na hawa ndio wanaoninyima usingizi mimi, kwa sababu wengine waliingizwa na alama ambazo chuo chenyewe kilijua hazitawafikisha.

Karo nayo, kwenye vile vyuo vikubwa, miaka minne inapita dola 200,000. Kwa shilingi 129 kila dola hiyo ni zaidi ya milioni 25, bado hujakula wala kulala. Mmarekani kwenye baadhi ya vyuo hivyo anapata mkopo wa serikali yake, wa Kisauni hapati. Tena ejenti alisema "miaka minne" bila kueleza kwamba miaka hiyo ni ya mtu mwenye digrii tayari, ama aliyemaliza masomo ya maandalizi. Mtoto anayetoka fomu foo ataanza na premedi kwanza, na hiyo ina bei yake.

Digrii ukipata hujawa daktari bado. Lazima upate residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, kupitia Match, mfumo wa Marekani wa kugawa nafasi hizo, na mwaka 2024 wanaomaliza vyuo vya udaktari (MD) vya Marekani walipata nafasi kama 93 kwa mia, wasio raia waliosoma nje ya Marekani kama 58. Ukipata kwa visa ya J-1, ile ya mafunzo, utahitaji barua ya Wizara ya Afya ya Kenya, na ukimaliza kwa kawaida unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili.

Na anayetaka kurudi kufanya kazi hapa, mlango wake ni KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Waandikie kabla ya kulipa hata shilingi, taja jina kamili la chuo na kisiwa, uliza kama wanakitambua na mitihani gani itamngoja, na jibu liwe la maandishi. Chuo chenyewe kitafute kwenye World Directory of Medical Schools, ni bure, simu inatosha.

Kwangu mimi, kijana mwenye alama nzuri na familia inayoweza kulipa bila kuuza kitu, na chuo kimemuonyesha hesabu ya walioingia na waliotoka, aende na Mungu amsaidie. Kuuza shamba la pekee kwa sababu ya brosha, hapana, hapo nitakuzuia hata ukinikasirikia.

Mama alimpigia ejenti pale pale, spika wazi, akamuuliza walioanza mwaka mmoja walikuwa wangapi na waliotoka na digrii ni wangapi. Ejenti akasema atauliza chuo, atampa jibu Jumatatu. Zimeshapita Jumatatu mbili, shamba liko pale pale, na kijana mwenyewe ameshawaandikia KMPDC anangoja wamjibu.