Je, wajua kwa nini shimo jeusi huizuia galaksi kuzaa nyota?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu la swali hili, na nililitoa kwa kujiamini kila nilipoulizwa: shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi hutema mikondo miwili ya gesi, mmoja kila upande, nayo huifagia galaksi hadi gesi ya kuundia nyota ikaisha. Jibu hilo lina kasoro, tena si moja.

Kasoro ya kwanza ni neno "hutema". Kilichokwisha kuvuka mpaka wa shimo jeusi hakirudi, hata nuru. Mikondo huanzia nje ya mpaka huo, katika gesi inayolizunguka shimo kabla ya kumezwa, ambako nguvu za sumaku zilizosokotwa na mzunguko huo, na pengine na mzunguko wa shimo lenyewe, hurusha sehemu ndogo ya maada kwa kasi inayoikaribia ya nuru. Kwa hiyo tunachokiona ni tonge lililoponyoka kabla halijafika mdomoni.

Kasoro ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni "huifagia". Tuitazame galaksi ya M87, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 55 kutoka kwetu. Mwaka 1918 mnajimu Mmarekani Heber Curtis aliona humo mstari wa ajabu wa mwanga, ulionyooka kama rula, ukitokea katikati. Leo tunajua kwamba ni mkondo wenye urefu wa takriban miaka ya nuru 5,000, unaotoka kando ya shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5, lile ambalo picha yake ilitangazwa Aprili 2019. Lakini galaksi yenyewe ina upana unaozidi miaka ya nuru laki moja, na mkondo ni mwembamba mno kwake. Chelewa moja haifagii uwanja. Ni kweli kwamba katika baadhi ya galaksi gesi huonekana ikisukumwa nje, hasa pale ambapo shimo linakula kwa pupa na kung'aa kupita kiasi. Ila katika galaksi kubwa kama M87 kazi muhimu ya mkondo hufanyika mahali ambapo sikuwahi kupafikiria, napo ni kwenye ncha yake.

Galaksi hizi kubwa hukaa ndani ya gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, hafifu sana, inayotoa eksirei. Kila inapotoa eksirei hupoteza joto, na ikipoa hudondoka katikati, ambako ingefaa kugeuka nyota. Kwa hesabu, baadhi ya makundi ya galaksi yangepaswa kudondosha gesi ya uzito wa mamia ya majua kila mwaka. Nyota zinazozaliwa ni chache kuliko hizo kwa mbali. Kuna kitu kinachoipasha gesi moto upya.

Darubini ya Chandra, inayoona eksirei na iliyorushwa angani mwaka 1999, ilionyesha kitu hicho kwa uwazi katika kundi la galaksi liitwalo Perseus. Mkondo unapogota kwenye gesi huvimba na kuwa povu. Fikiria sufuria ya uji mzito, na mtu anayepuliza kwa mrija uliofika chini. Povu huusukuma uji pembeni, kisha hupanda polepole kwa kuwa ni jepesi, likikokota uji wa chini na kuutikisa ule ulio juu. Hakuna tone lililotolewa nje ya sufuria, lakini hakuna pia lililotulia. Mfano huu unapungukiwa mahali pamoja, kwani pumzi hupoza uji, ilhali mapovu ya Perseus huacha joto. Yana upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru, na hutuma mawimbi ya sauti, kwa maana halisi ya neno hilo: noti ya si bemoli iliyo oktavi 57 chini ya do ya katikati ya kinanda. Wimbi moja likipita, linalofuata hufika baada ya miaka takriban milioni 10.

Nani basi hupima joto lisizidi? Mpangilio unafanana na boya la tangi la maji. Gesi ikipoa hudondoka na kulilisha shimo. Shimo likilishwa huwasha mikondo. Mikondo huipasha gesi, chakula hukatika, mikondo huzimika, na gesi huanza tena kupoa.

Namna joto linavyotoka kwenye povu na kuenea pande zote bado inabishaniwa. Wengine hutaja mawimbi ya sauti, wengine msukosuko wa gesi. Setilaiti ya Hitomi ya Japani, iliyofanya kazi angani kwa zaidi kidogo ya mwezi mmoja tu mwaka 2016, ilikuta gesi ya Perseus ikiwa tulivu kuliko wengi walivyotarajia, ikivurugika kwa kilomita kama 164 kwa sekunde.

Na kuna mahali ambapo mkondo hufanya kinyume kabisa. Karibu na galaksi ya NGC 541, mkondo wa galaksi hiyo umegonga wingu la gesi na kulibana badala ya kulipasha moto, nalo wingu hilo, liitwalo Kiolwa cha Minkowski, linang'aa kwa nyota changa.