Nguzo ya uyoga wa kichuguu inaishia wapi?

Kile kitendawili cha utotoni mnakikumbuka: nyumba yangu ina nguzo moja. Jibu ni uyoga. Kwa uyoga ninaoshughulika nao mimi, kitendawili kinasahau nusu ya nyumba, kwa sababu nguzo yake haikomei usawa wa ardhi. Mara ya kwanza nilipoamua kuufuata mmoja hadi mwisho, nilianza na kisu, nikaenda kuazima jembe, nikaishia kulala kifudifudi mkono wote umezama shimoni. Shina lilikuwa limegeuka kitu kama mzizi mrefu, unaozidi kuwa mwembamba, na ulikuwa bado unateremka.

Jina lake la kawaida ni uyoga wa kichuguu, wengine husema uyoga wa mchwa. Ni jina zuri, ila ni jina la anuani. Linakwambia uyoga unaishi wapi, halikwambii uyoga wenyewe ulivyo. Tena wakazi wa anuani hiyo ni wengi. Kitaalamu wote wako katika jenasi ya Termitomyces, iliyopewa jina hilo na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, lakini ukubwa wao haufanani hata kidogo. Termitomyces titanicus wa misitu ya miombo, ambao Zambia huitwa chi-ngulu-ngulu, kofia yake inaweza kukaribia mita 1 kwa upana. Mtoto anajikinga nayo mvua. Termitomyces microcarpus ni vidogo kama vifungo vya shati, navyo hutoka mamia kwa mamia. Uganda huanikwa na kuuzwa kwa jina la obubaala. (Baganda, kwa taarifa yenu, wana ukoo mzima, Butiko, ambao mwiko wake ni uyoga.)

Mzizi ule mrefu unatoka kwenye shamba. Mchwa hawa ni wakulima kweli. Vibarua wao hutafuna kuni na majani makavu, wakayameza pamoja na spora, yaani vumbi la uzazi, za kuvu inayozaa uyoga huu, kisha kinyesi chao wakakijengea masega chumbani, chini ya ardhi, ambako joto hukaa karibu nyuzi 30. Kuvu inaenea kwenye sega, inalainisha ule ugumu wa ukuni ambao mchwa peke yao wangeshindwa nao, na kutoa vijipunje vyeupe. Mchwa wanakula vijipunje, halafu wanarudi kula sega lililoiva. Ushirika huu ni wa zamani mno: katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yamepatikana masega yaliyogeuka mawe yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Mvua zikishika, sega linasukuma uyoga juu. Ndiyo maana katikati ya kofia kuna kile kichomozo kigumu, chenye ncha: ndicho kinachotoboa udongo. Microcarpus pekee ndio walio wavivu. Vibarua hutoa vipande vya sega nje, vikatapakaa juu ya ardhi, na uyoga ukaotea hapo hapo, bila mzizi wowote.

Sasa suala la sumu, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Kuota juu ya kichuguu si cheti. Kichuguu kikifa ni udongo wenye rutuba tu, na uyoga wowote unaweza kupanga hapo. Wachumaji wengi wa mjini wanaukata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi ili usichafuke. Mimi nawaomba wauchimbe. Ukikata, umeacha chini ule mzizi unaouthibitisha uyoga wa kichuguu. Umeacha pia kile kikombe cheupe kinachokumbatia kitako cha uyoga hatari wa Amanita. Vitambulisho vyote viwili vimebaki shimoni, na wewe una kofia nyeupe mkononi.

Ukifika nyumbani, kata kofia moja, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli hadi asubuhi. Uyoga wa kichuguu unaacha vumbi la spora la rangi ya waridi iliyofifia. Amanita huacha jeupe. Chlorophyllum molybdites, ule mkubwa mweupe unaoota kwenye majani ya uwanjani na kuwatapisha watu, huacha la kijani. Lakini waridi peke yake haitoshi, kwa kuwa ipo aina nyingine yenye sumu ambayo nayo hutoa waridi. Mzizi, ncha ya kofia na vumbi, vyote kwa pamoja (nasemea ule wenye mzizi, si microcarpus). Kimoja kikikosekana, tupa. Mambo ya kuuchemsha na kitunguu au sarafu ya fedha uone kama vitabadilika rangi, acheni. Konokono kuutafuna pia si ushahidi. Sumu ya Amanita haiondoki kwa moto wala kwa kuanikwa, na inaweza kukaa kimya saa 6 au zaidi kabla ya kutapika kuanza, huku ini likiwa limeshaanza kuharibika.

Ukishaujua, pika. Mimi nauchana kwa mikono, naukaanga kidogo bila maji, halafu karanga iliyotwangwa. Nazi nayo inafaa, ingawa naona inaufunika.

Kuna wanaoniandikia kutaka mbegu za kuupanda kibandani. Mbegu zinazouzwa madukani ni za uyoga aina ya mamama na wenzake, wanaoridhika na mabua ya mpunga. Huu wa kichuguu hakuna aliyeweza kuulima kibiashara. Hautoki bila mchwa wake. Kichuguu kimoja kizima kinaweza kukupa uyoga pale pale, masika baada ya masika, ilimradi hujakigusa. Cha nyumbani kwetu tulikichuma tangu sijaanza shule, mpaka mwenye kiwanja alipokivunja akafyatulia tofali, maana udongo wake unashika vizuri. Nyumba imetoka nzuri, ina bati jipya. Uyoga siku hizi tunanunua barabarani.