Moto wa mwezi wa saba si kafara ya utajiri

Ukiingia mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, simu yangu haipumziki. Wafanyabiashara ninaowatafsiria hapa Guangzhou, kusini mwa China, wa Kariakoo, wa Eastleigh, wa Bujumbura, hutoka hotelini mtaa wa Xiaobei jioni kutafuta chakula, wakamkuta mama wa Kichina amechuchumaa kando ya njia, mbele yake ndoo ya bati inawaka, anatia noti motoni moja moja huku ananong'ona. Wachache huniuliza ni nini. Wengi hawaulizi, wananieleza: "Umeona? Hiyo ndiyo siri ya utajiri wao. Wanamlipa shetani."

Mteja wangu mmoja alimkuta mwenye duka katika hali hiyo hiyo, duka tulilokwisha kupatana nalo bei ya mzigo wa taa. Akakataa kutoa arbuni, akaondoka bila kuaga. Aliyebaki pale kuomba radhi ni mimi. Kwa hiyo naandika, nipate mahali pa kuwaelekeza watu badala ya kurudia maneno yale yale ndani ya teksi.

Zile si pesa. Ni karatasi za kuchoma, zinauzwa kwa mabunda katika maduka ya ubani na mishumaa, bei yake ndogo. Zipo za mraba zilizobandikwa kipande cha rangi ya dhahabu au fedha, na zipo zilizochapwa mfano wa noti za benki, zenye sifuri nyingi kuliko noti yoyote ya dunia hii na picha ya Yuhuang, mfalme wa mbinguni. Kinachowatisha watu wetu ni neno la Kiingereza lililochapwa juu yake, lenye maana ya Jehanamu. Wakishalisoma hilo hawasikii tena. Lakini neno la Kichina kwenye karatasi hizo ni ming, yaani giza, upande wa wafu usioonekana. Na kuzimu kwa Wachina kunafanana zaidi na mahakama: wafalme kumi, kila mmoja na baraza lake, roho inapita kuhukumiwa, inatumikia adhabu yake, kisha inatoka. Karibu kila mtu hupitia huko, hata bibi yako mwema. Mjukuu anamtumia nauli na pesa ya matumizi.

Desturi yenyewe ni ya kale. Zamani walizika sarafu halisi pamoja na maiti, baadaye karatasi zikashika nafasi ya sarafu. Katika karne ya 8, enzi ya Tang, afisa mmoja wa ikulu aitwaye Wang Yu alizitumia hata katika matambiko ya mfalme.

Sasa, zinamwendea nani? Hapa ndipo penye kiini, na hapa ndipo watu hunikatisha. Wachina wanaoshika desturi hii wanawagawa wasioonekana mafungu matatu. Wako miungu, ambao ni kama maafisa wa serikali, wana vyeo na ofisi. Wako mababu, yaani wafu wa nyumba yako mwenyewe. Na wako wafu wasio na mtu: aliyekufa safarini, aliyezama baharini, asiyeacha mtoto wa kumkumbuka. Hawa wa mwisho wanakaa na njaa mwaka mzima, na mwezi wa saba wanafunguliwa kutembea. Sadaka ya mababu huwekwa nyumbani au kaburini. Ya wageni hawa huwekwa nje, kando ya njia, kwa sababu hukaribishi usiyemjua hadi chumbani. Hapa jimbo la Guangdong hufanywa hasa usiku wa tarehe 14, siku moja kabla ya sehemu nyingi za China, na huitwa kuchoma nguo, kwa kuwa zimo pia nguo za karatasi. Tazama vizuri pembeni ya ndoo utaona tofu, chipukizi za maharage, karanga, wali kidogo. Ni chakula cha maskini. Nani atamnunua shetani kwa chipukizi za maharage?

Sikatai kwamba wanaogopa. Mfu mwenye njaa anaweza kuleta balaa, kwa hiyo sadaka ile imechanganyika huruma na tahadhari. Wazee wa kwetu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye mzimu wangeielewa mara moja.

Dini ya Tao, iliyozaliwa China kwenyewe, imeongeza jambo juu ya hilo, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 142, kwa mapokeo yao, Zhang Daoling alianzisha huko Sichuan jumuiya iliyokuja kuitwa ya Mabwana wa Mbinguni. Mgonjwa aliandikiwa ungamo la makosa yake katika nakala tatu: moja ilipelekwa mlimani kwa Afisa wa Mbingu, ya pili ikafukiwa kwa Afisa wa Ardhi, ya tatu ikazamishwa majini kwa Afisa wa Maji. Maafisa hao watatu bado wanaheshimiwa, kila mmoja na siku yake: tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, wa saba na wa kumi. Ile ya mwezi wa saba ni ya Afisa wa Ardhi, na kazi yake ni kusamehe. Ndiyo maana makuhani wa Tao siku hiyo huomba wafu wapunguziwe adhabu. Siku mnayoiita ya mashetani, wenyewe wanaiita ya msamaha.

Nenda ukaone mwenyewe. Hekalu la Sanyuan liko chini ya kilima cha Yuexiu, karibu tu na Xiaobei mnapolala, na jina lake latokana na hao watatu. Hata Sanyuanli mnakonunulia mabegi na saa pana hekalu la kale la Tao, ambalo leo ni makumbusho ya wanakijiji waliopigana na Waingereza mwaka 1841. Mnapita mtaa huo miaka na miaka.

Je, Wachina hawaombi utajiri? Wanauomba, tena wazi wazi. Yuko Caishen, mungu wa mali, anayepokelewa siku ya tano ya mwaka mpya kwa fataki na rangi nyekundu. Na katika duka utaona kibanda kidogo chekundu sakafuni karibu na mlango, kina ubani na machungwa: huyo ni mlinzi wa ardhi ya pale. Anayetaka kuona maombi ya biashara aangalie hapo. Ndoo ya barabarani haihusiki.

Mimi ni Mwislamu, Ijumaa naswali Msikiti wa Xianxian, na moto ule sishiriki. Hakuna aliyewahi kunilazimisha. Ninachowaomba wateja wangu ni kidogo: msiruke majivu wala kuyakanyaga, zungukeni. Msiokote sarafu iliyoachwa pale. Na wekeni simu mfukoni, mtu anayeongea na wafu wake hapigwi picha.

Madai mengine ninayoyasikia nayapitia haraka.

"Tao na Buddha ni kitu kimoja." Angalia kichwa. Mtawa wa Buddha amenyoa, kuhani wa Tao amefuga nywele na kuzifunga fundo utosini. Na makuhani wa Tao wenyewe si aina moja: wa madhehebu ya Quanzhen hawaoi na hawali nyama, wa madhehebu ya Zhengyi wana wake na watoto. Kinachowachanganya watu ni kwamba familia moja hualika wa pande zote mbili, na haioni tatizo.

"Qingming ndiyo huo huo mwezi wa saba." Hapana. Qingming hufuata jua, huangukia tarehe 4 au 5 Aprili, watu huenda kufagia makaburi, na tangu 2008 ni siku ya mapumziko China bara. Usipange kupakia kontena siku hiyo. Mwezi wa saba hufuata mwezi mwandamo, lakini hauzunguki mwaka mzima kama Ramadhani, kwa sababu Wachina huongeza mwezi kila baada ya miaka miwili au mitatu.

"Kuhani anapigana na pepo aliye ndani ya maiti." Hiyo ni ibada ya Wakantoni, Wachina wa huku Guangdong na Hong Kong, ya kuvunja kuzimu, maarufu Hong Kong. Kuhani anazunguka moto na upanga, anapasua vigae tisa, anapuliza mvinyo wa mchele hadi miali inaruka. Vigae ni magereza. Anamtoa marehemu, hamfukuzi.

Ukialikwa msibani kwa mshirika wako, usivae nyekundu. Ubani wako, yaani pesa ya rambirambi, tia kwenye bahasha nyeupe, kiasi kiwe witiri, kisichogawanyika kwa mbili, kama 101 au 301. Kwa Wakantoni utapewa pakiti ndogo yenye peremende, sarafu na karatasi ya kufutia machozi. Peremende uile njiani, sarafu uitumie kabla hujafika unapolala. Na mlangoni usiseme zaijian, maana yake ni tuonane tena. Inamisha kichwa tu, utoke.