Nyikani, Kinachobaniwa ni Jasho, Si Maji

Wengi huamini kwamba askari wa wanyamapori akipotezana na wenzake katika nyika kavu ya Tsavo, majangili wakiwa nyuma yake, la kwanza ni kubania maji: alambe tone moja kila saa. Sivyo, na imani hii inaua. Maji yaliyo chupani hayaupozi mwili. Ukitembea juani unaweza kutokwa na jasho la lita moja au zaidi kwa saa, unywe usinywe. Akiona kiu, anywe. Cha kubania ni jasho: mchana atulie kivulini, nguo asivue, maana humkinga na jua kali, atembee usiku. Bahati njema, aliyetulia chini ya mgunga hatimui vumbi wala haonekani kwa urahisi.

Kosa jingine, na hili naliogopa zaidi, ni kukimbilia dimbwi la wanyama. Kiangazi ndovu hana budi kuja kunywa, na jangili analijua hilo, hivyo huvizia papo hapo. Wengine hutega sumu: mwaka 2013 kule Hwange, Zimbabwe, ndovu wengi waliuawa kwa sayanaidi.

Afadhali mto mkavu. Penye kona, upande wa nje, mchanga ukiwa na unyevu, chimba. Ndovu nao huchimba hivyo, kwa mguu na mkonga. Ukimaliza, fukia shimo na utandaze mchanga mkavu juu, kwani doa bichi mtoni humwonyesha anayekufuata kwamba umepita muda si mrefu.