Je, wajua? Waajemi walimwinamia mfalme wao bila kumwabudu

Tumezoea kusikia kwamba Waajemi wa kale walimsujudia mfalme kwa kuwa walimwona mungu, na kwamba Wagiriki walikataa kwa kuwa walipenda uhuru. Kukataa walikataa kweli. Habari ya mungu ndiyo yenye kasoro.

Kwenye maandishi yaliyochongwa mwambani Behistun, katika Iran ya leo, mfalme wa Uajemi Darius wa Kwanza anarudia tena na tena kuwa ufalme amepewa na Ahuramazda, mungu mkuu aliyemwabudu. Hajiiti mungu hata mara moja. Heshima iliyowachanganya Wagiriki wao waliiita proskynesis, neno lenye mzizi wa "kubusu". Mchongo mmoja wa Persepolis, mji wa kifalme wa Uajemi, unaonyesha jambo linalofanana nayo: mfalme ameketi, mbele yake vyetezo viwili vya ubani, na ofisa amesimama, ameinama kidogo, mkono mdomoni. Hajalala kifudifudi.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaeleza ngazi za heshima hiyo. Waajemi wa hadhi sawa wakikutana njiani hubusiana mdomoni. Mmoja akiwa chini kidogo, hubusiana shavuni. Akiwa chini sana, huanguka mbele ya mwenzake. Tazama hapo: haya yalifanyika njiani, kati ya watu wa kawaida. Kwa mfalme kila mtu yuko chini, basi kila mtu humpa heshima ya ngazi ya mwisho.

Msemaji wa Kiswahili ana mfano mdomoni kila siku. Shikamoo huelezwa kuwa asili yake ni "nashika miguu yako", na mkubwa hujibu marahaba. Buganda, binti hupiga magoti kumsalimu mzee. Hakuna anayedhani mzee ameabudiwa. Sasa mchukue mtu ambaye kwao magoti hupigwa madhabahuni tu, umweke sebuleni aone salamu hiyo. Atashtuka, na ndivyo Wagiriki walivyoshtuka, maana kwao heshima hiyo ilikuwa ya miungu.

Ndiyo maana Sperthias na Bulis wa Sparta, waliopelekwa Susa, mji wa mfalme wa Uajemi, wauawe kufidia wajumbe wa Uajemi waliouawa Sparta, walikubali kufa lakini wakakataa kuanguka mbele ya Xerxes, mwana na mrithi wa Darius. Walisema si desturi yao kumfanyia hivyo binadamu. Xerxes hakuwaua. Ismenias, mjumbe wa mji wa Kigiriki wa Thebes, alipata njia nyingine: inasimuliwa kwamba aliangusha pete mbele ya mfalme wa Uajemi wa baadaye, akainama kuiokota. Mwajemi aliona heshima, lakini Ismenias moyoni alikuwa ameokota pete tu.

Mwaka 327 KK, Alexander, mfalme wa Makedonia aliyeiteka Uajemi, alipojaribu kuwaingiza Wamakedonia na Wagiriki wake katika desturi hiyo, inasimuliwa kuwa kwenye karamu kikombe kilizungushwa: unakunywa, unatoa heshima, kisha Alexander anakubusu. Busu lile lilikuwa na uzito, kwa kuwa lilimpandisha aliyeinama karibu na ngazi ya mfalme. Callisthenes, mwanahistoria wa Kigiriki aliyefuatana na Alexander, alikunywa, akaruka heshima, akaenda moja kwa moja kulitaka busu. Alexander alikuwa akizungumza na mwingine, hakuona. Mtu akamnong'oneza, naye akageuza uso. Callisthenes akasema kwa sauti kwamba basi anaondoka amepungukiwa busu moja.

Simulizi hizi karibu zote ziliandikwa na Wagiriki, kwa hiyo ukali wa maneno yao upimwe kwa tahadhari. Ule mchongo wa Persepolis ni kazi ya Waajemi wenyewe, na ndani yake ofisa bado amesimama.