Katauti ya Eksozi: Jua Itakaa Wapi Kabla Fundi Hajawasha Grainda

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari hapa Mombasa kuna swali tunaletewa sana siku hizi, na wanaouliza ni wa kila aina, vijana wa Subaru, wenye Probox za kubeba miraa na mboga, mpaka madereva wa malori ya kontena. Mwalimu, nikieka katauti gari itapata nguvu ama ntajiletea balaa? Jibu langu huwa inategemea imekaa wapi kwa bomba na inafunga vipi. Kukata bomba na kuchomelea si kazi kubwa, fundi yeyote wa jua kali kule Changamwe anaimaliza kabla ya saa ya chakula. Shida ni pale anapokata.

Kwa wasioijua, katauti ni kipande cha bomba chenye umbo la Y kinachochomelewa kwa eksozi kabla ya sailensa, na kwa ule mdomo wa pembeni kunafungwa valvu. Valvu ikifungwa moshi unapita njia yake ya kawaida mpaka nyuma, ikifunguliwa moshi unaruka sailensa na kutoka hapo hapo chini ya gari, na mtaa mzima unajua umefika. Wala si kitu kipya. Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita magari mengi yalikuwa nayo, dereva anaifungua kwa pedeli ya mguu akifika mlimani, kwa vile sailensa za zamani zilikuwa zinabana moshi vibaya sana, na miji mingi kule ikaja kuzipiga marufuku kwa sababu ya kelele.

Sasa nguvu. Nitasema ukweli hata kama kuna watu watanuna, kwa gari ndogo ya 1500cc isiyo na taabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwa injini), ambayo sailensa yake ni nzima, utakachopata ni sauti zaidi kuliko nguvu. Sikio linadanganya mguu, kelele ikipanda unahisi gari imekuwa nyepesi. Ile hadithi ya vijiweni ati injini inahitaji kubanwa kidogo nyuma ndo ivute vizuri nayo pia si sahihi, injini haihitaji kubanwa, inahitaji moshi utoke kwa kasi nzuri ndani ya bomba la saizi inayoifaa, ili moshi wa silinda moja usaidie kuvuta wa nyingine. Gari ya taabo hiyo ni habari tofauti, hapo kupunguza mbano baada ya taabo kunasaidia kweli na unaweza kuiona tofauti.

Haya, ukishaamua, mahali ni pamoja tu: baada ya kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na baada ya sensa zote za oksijeni, lakini kabla ya sailensa. Usikubali fundi akwambie huku mbele ndo karibu na rahisi kufikia. Katauti ikikaa mbele ya sensa ya kwanza, hata ikiwa imefungwa, pakiwa na upenyo mdogo kwa gasketi hewa ya nje inanyonywa ndani kila moshi unapopiga mawimbi, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache inaongeza, alafu wewe unakuja kulalamika kwamba petroli ya elfu moja haikufikishi Mtwapa na kurudi. Ikikaa kabla ya sensa ya pili taa ya injini inaweza kuwaka kwa dashibodi na ukipimisha unapewa namba ya hitilafu P0420, ile ya kusema kataliti haifanyi kazi vizuri, na mwenye mashine anakuuzia kataliti mpya ambayo hukuihitaji. Na hapo niseme tu kwa pembeni, wengi wenu kataliti mnayo jina tu, yale masega ya ndani yalishatolewa zamani na kuuzwa kwa sababu yana platinamu na paladiamu, mwenye gari hana habari, anasikia tu gari imebadilika sauti.

Wenye malori nawaomba muniskize vizuri kwa sababu kwenu hili si la mbwembwe. Lori nyingi zina eksozi breki, kipepeo cha chuma ndani ya bomba, ukikanyaga au ukivuta swichi kinafunga, moshi unabanwa, pistoni zinasukumana na ule mbano na injini inapunguza mwendo bila wewe kuchosha breki za magurudumu. Nshaona fundi akichomelea katauti katikati ya injini na hicho kipepeo. Maana yake ni kwamba mbano unaotakikana kujikusanya pale unatorokea kwa katauti, na hata ukiifunga, valvu ya bei rahisi haifungi kwa asilimia mia, inapumua. Dereva anateremka kutoka Mazeras kuja Miritini na kontena la futi 40 mgongoni, anavuta eksozi breki haisikii, anarudi kwa breki ya mguu mpaka dramu zinapata moto na kuanza kunuka. Kwa hivo kwa lori katauti ikae nyuma ya kipepeo, bila mjadala. Na zile lori mpya zinazotumia AdBlue, ile dawa ya maji ya kusafisha moshi wa dizeli, msiguse kabisa, lile boksi kubwa mnaloliita sailensa ndani yake kuna kataliti na mbele na nyuma yake kuna sensa, ukilikwepa kompyuta inaweza kukupunguzia nguvu mpaka upandishe mlima kwa gia ya pili.

Kitu kingine cha lori ni umeme. Mota nyingi za kufungua valvu ya katauti zinazouzwa ni za volti 12 na lori ni 24. Ukiunga moja kwa moja itafungua mara chache alafu inaungua, na kwa bahati mbaya mara nyingi inaungua ikiwa imefunguka. Tafuta mota ya 24 au kifaa cha kushusha umeme, na usichukue umeme kwa betri moja kati ya zile mbili, utaua betri zote kwa zamu. Kwa gari ndogo kuna fyuzi, swichi ya kugeuza njia mbili, waya zipite mbali na bomba na zivalishwe ala ya kuzuia joto, basi.

Kwa kazi yenyewe: pima bomba kwa kalipa upande wa nje kabla hujanunua chochote, gari nyingi ndogo za Japani haziko mbali na inchi 2, na usilazimishe katauti ya inchi 3 kwa bomba la inchi 2 ukidhani kubwa ndo bora. Chukua ya Y iliyolala nyuzi 45, si ile ya T iliyokatwa tisini. Gari iinuliwe kwa stendi, jeki peke yake haishikilii gari ukiwa chini, na bomba liache lipoe. Kabla ya kuchomelea toa waya hasi wa betri, na klampu ya mashine ya welda ishikwe kwa bomba lenyewe karibu na unapochoma, usiishike kwa chasisi huko mbali umeme ukapitia beringi na kompyuta. Kama katauti ni ya stenlesi na bomba ni chuma cha kawaida mwambie welda atumie rodi za 309. Mdomo uelekee chini na nyuma, na uangalie unapuliza nini: tangi la plastiki, paipu za mafuta, hozi za breki, mipira ya propela, vyote hivyo viko huko chini na havipendi moto. Alafu kumbuka matuta ya kwetu, kitu kikining'inia chini ya chasisi kitabaki barabarani.

Ukimaliza usikubali kuambiwa iko sawa kwa kuisikiliza tu. Washa injini ikiwa baridi, katauti ikiwa imefungwa, mtu azibe kidogo bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa, mwingine apake maji ya sabuni kila kiungo kwa brashi. Povu likifura mahali, hapo panavuja. Ni dakika tano na hapo unamjua fundi ni wa kweli au la, kwa sababu wa kweli hanuni ukimwomba.

Nasisitiza kuvuja kwa sababu moshi ukitokea katikati ya gari unatoka chini ya viti, si nyuma. Monoksaidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Utaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani ni jua. Madereva wa lori mnaolala ndani ya kebini kwenye foleni na injini ikinguruma ili eisii (kiyoyozi) ifanye kazi, na katauti inayopumua iko chini yenu, huo ni mchezo wa hatari sana. Na ukiwa na gari ndogo usifungue katauti kwa feri ya Likoni, injini yenyewe inatakikana izimwe pale, na watu wamesimama ubavuni mwa gari lako na watoto ambao vichwa vyao viko karibu na moshi.

Upande wa sheria ni mfupi. Kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinakataza gari yenye sauti kubwa isiyo ya kawaida na wameandika desibeli 84 gari ikiongeza mwendo, katauti iliyofunguliwa inapita hapo bila jasho. Kwa hivo barabarani ni kufunga, na ukaguzini ni kufunga. Ya kufungua ni kwa uwanja wa mashindano.

Mwisho ni chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma cha kawaida haraka kuliko bara, na kwa dizeli masizi yanaganda kwa kipepeo cha valvu ya katauti, vikikutana viwili hivyo valvu inakwama nusu. Ifungue na kuifunga angalau mara moja kwa wiki hata kama huihitaji, viungo vya waya pakaza grisi, boli zipakwe dawa ya kuzuia kushikana. Na nunua mapema kile kibati cha kuziba pamoja na gasketi yake ukieke kwa buti, ili siku valvu ikikataa kufunga uing'oe, uzibe kwa boli, na uendelee na kazi zako mpaka upate nyingine.