Vikombe Viwili: kadi ya taroti ya watu wawili ina maana gani?

Siku hizi kadi za taroti, zile za picha zinazotumiwa kubashiria, zinawafikia watu wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma kupitia simu. Video inafunguka, mkono wenye pete nyingi unachanganya kadi, moja inatolewa, na sauti inasema kuna mtu anakuwaza usiku huu. Kadi inayopendwa sana katika video za namna hiyo ni ile ya mwanamume na mwanamke wanaotazamana, kila mmoja na kikombe mkononi. Inaitwa Vikombe Viwili. Kwa ufupi ni kadi ya watu wawili wanaopeana kitu kwa hiari, wakiwa sawa kwa sawa: mapenzi yaliyoanza kuitikiwa, urafiki, upatanisho, au ubia wa kazi. Haisemi lolote kuhusu ndoa. Wala haina habari za nani anakuwaza usiku.

Kadi hizi zilianza kama mchezo. Zilichezwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, katika miji kama Milano na Ferrara, na kwa muda wa karne tatu hivi kazi yake kubwa ilibaki kuchezewa. Mfaransa Antoine Court de Gébelin ndiye aliyeandika mwaka 1781 kwamba zimebeba hekima ya siri ya Misri ya kale. Maandishi ya Misri ya kale yenyewe yalikuja kusomeka mwaka 1822, kwa hiyo bwana huyo alikuwa anakisia tu. Miaka michache baada yake, Mfaransa mwenzake aliyejiita Etteilla akatunga utaratibu wa kuzibashiria, na tangu hapo mchezo ukawa uaguzi.

Seti kamili ina kadi 78: kuu 22 na ndogo 56. Hizo ndogo ni ndugu wa karata zinazopigwa barazani jioni. Zina makundi manne, kuanzia moja hadi kumi, halafu zinafuata zenye sura za watu, ila hapa sura ni nne badala ya tatu. Kundi la vikombe ndilo kopa. Kwenye karata za Hispania kopa huchorwa vikombe mpaka leo. Basi mcheza karata wa Kigoma akiiita kadi hii mbili ya kopa hatakuwa amekosea. Katika taroti kundi hilo huhusishwa na maji na mambo ya moyo.

Picha inayoonekana kwenye video nyingi inatoka katika seti iliyotolewa London mwaka 1909. Aliyeibuni ni Arthur Edward Waite, na aliyeichora ni Pamela Colman Smith, msanii aliyezaliwa Uingereza mwaka 1878 na kuishi sehemu ya utoto wake Jamaica. Kabla ya seti hiyo, kadi ndogo kwa kawaida zilikuwa na alama tu: vikombe viwili juu ya karatasi, basi. Smith ndiye aliyewaweka watu pale, na sehemu kubwa ya maana inayosemwa leo imetoka kwenye kalamu yake. Hata hivyo kwa miaka mingi seti ile ilijulikana kwa majina ya mchapishaji na Waite, la kwake likaachwa. Mimi naliona hilo ni dhuluma.

Sasa tuitazame picha yenyewe, maana anayeruka picha na kukimbilia kitabu cha maana huwa anakariri tu. Wote wawili wamevaa mashada kichwani, kama watu wa sherehe. Mwanamume amesogeza mguu mmoja mbele na kunyoosha mkono kumwelekea mwenzake. Mwanamke amesimama imara na kikombe chake. Hakuna aliyepiga magoti, hakuna aliye juu ya ngazi. Vikombe vyao viko karibu usawa mmoja. Nyuma yao, mbali, kuna kilima na nyumba. Wasomaji wengi wa kadi huiona nyumba ile wakasema ndoa, mimi nasema iko mbali kwa sababu. Na kilichomo ndani ya vikombe hakionekani. Hilo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote kwenye kadi hii: tunaona kutoa na kupokea, hatuoni kinachotolewa.

Katikati yao, juu ya vikombe, imesimama fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili, na kileleni mwake kichwa cha simba chenye mabawa. Hapo ndipo watu wetu hushtuka. Nyoka katika mambo ya mapenzi! Mtu anawaza hasidi, anawaza uchawi wa mawifi. Lakini fimbo hiyo ni ya Hermes, tarishi wa miungu katika hadithi za Wayunani, mlinzi wa wasafiri na wafanyabiashara (na wezi pia, tusimfiche). Warumi, waliomwita Mercurius, walisimulia kwamba aliwakuta nyoka wawili wakipigana, akaweka fimbo yake katikati, wakaacha vita na kujizungusha juu yake. Kwa hiyo alama ile ni ya maelewano, ya watu wanaofika bei. Kwa lugha ya kwetu, fimbo hiyo ndiyo mshenga wa kadi: anayepeleka neno la upande huu na kurudi na jibu la upande ule, bila yeye kuwa na kikombe. Simba husomwa kama tamaa na joto la mwili, na kumweka juu ya fimbo ya mapatano ni kusema kwamba joto lipo ila limekaa juu ya makubaliano.

Ndiyo maana kadi hii inawafaa hata watu wasiopendana kimapenzi. Chukua wawili wanaotaka kuuza dagaa pamoja. Mmoja ana mtaji. Mwingine hana hela, ila anajulikana mwaloni Kibirizi, anawahi alfajiri boti zinaporudi, anajua dagaa waliokaushwa vizuri na wale waliopata mvua, anajua kufunga gunia lisafiri hadi Dar es Salaam bila kuharibika. Vikombe vyao havifanani, lakini vinaweza kuwa na uzito sawa. Anayeisoma kadi hii vizuri atawauliza hivyo hivyo: wewe unaleta nini, mwenzako analeta nini, na je, kila mmoja anakubali kwamba cha mwenzake ni mtaji? Mwenye hela akiamini kwamba yeye ndiye tajiri na mwenzake ni kibarua, hiyo si Vikombe Viwili tena, hata kama kadi imetoka mezani.

Ikitoka kichwa chini, wengi husoma kinyume: mizani imelala upande mmoja, mazungumzo yamekatika, mmoja anatoa na mwingine anapokea tu. Picha inasaidia hapa pia, kwani kikombe kikigeuzwa kilichomo humwagika. Lakini wapo wasomaji wasiojali kadi iliyogeuka, huinyoosha na kuendelea, na huwezi kuwalaumu kwa kuwa kugeuka huko ni suala la namna kadi zilivyochanganywa.

Watu huichanganya na kadi ya Wapenzi, namba 6 katika zile kuu. Huko mwanamume na mwanamke wako uchi, malaika yuko juu yao, na wasomaji huizungumzia kama kadi ya uchaguzi mkubwa wa maisha. Vikombe Viwili ni ndogo kuliko hapo na iko karibu zaidi na maisha ya kila siku. Anayetafuta familia iliyotulia aitazame Vikombe Kumi, yenye upinde wa mvua na watoto wanaocheza.

Tusizunguke: kwa Waislamu na Wakristo wengi hapa Kigoma, kubashiria kadi ni jamaa wa kupiga ramli. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, inakataza mishale ya kupigia ramli, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza uaguzi. Mwenye kushika hilo ataisoma makala hii kama maelezo ya picha, basi. Hata asiyeshika dini apige hesabu. Ukitoa kadi tatu kati ya 78, nafasi ya Vikombe Viwili kuwemo ni moja kati ya 26. Video moja ikitazamwa na maelfu ya watu, watakuwepo wengi tu ambao kweli wametoka kugombana au kupatana na mtu, na kila mmoja ataona ameambiwa yeye. Na akitokea wa kukuambia kadi yako imegeuka, utume elfu hamsini na ya kutolea ili aisimamishe, fahamu kwamba hakuna utaratibu wowote wa taroti wenye kazi hiyo. Kadi husimamishwa kwa mkono, bure.

Wanaozitumia kwa kutafakari hawaisomi kadi moja peke yake. Tuseme yule muuza dagaa anauliza kama aendelee na mbia wake, akatoa Vikombe Viwili, kisha Vikombe Vitano. Hii ya pili ina mtu aliyevaa joho jeusi, ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama bila yeye kuviona. Msomaji wa pupa atasema ubia umekufa. Msomaji mtulivu atahesabu: vitatu ni mzigo ulioharibika njiani, hela haitarudi. Viwili vilivyosimama ni ile mbili ya mwanzo, na swali la kumuuliza mbia kesho yake ni gunia ngapi zimebaki, na hasara ile walikubaliana ibebwe na nani.